Huruma ya Nani?

Je, huruma ikimzuia mtu kumwondolea mnyama maumivu, yafaa bado tuiite huruma? Swali hili lilinijia kwa sababu ya Simba, mbwa mzee wa jirani yangu, aliyeota doa jeusi pembeni mwa mboni ya jicho la kushoto. Doa likawa uvimbe, na jicho likawa jekundu.

Daktari wa mifugo alilimulika jicho, akapima presha yake, akapiga picha ya kifua kuona kama ugonjwa umesambaa. Haukuwa umesambaa. Uvimbe mwingi wa kwenye kope za mbwa si wa hatari, hukatwa ukaisha. Hata ule mweusi wa ndani ya jicho mara nyingi hausambai mwilini. Madhara yake ni kuziba njia ya maji ya jicho, presha ikapanda, na presha hiyo hupofusha, tena huuma sana. Doa dogo laweza kuchomwa kwa leza. Hili lilikwisha kukua, na jicho lilikwisha kupofuka. Ushauri ukawa mmoja: nusukaputi, na jicho litolewe.

Jirani alikataa. "Nitamtazamaje akiwa na chongo?" aliniuliza. Simba akaendelea kulala pembeni, hataki chakula wala kuguswa kichwani.

Ndugu msomaji, lipime neno hilo. Alichokihofia jirani ni kile ambacho macho yake mwenyewe yangekiona. Mbwa hana kioo, wala haoni haya kuwa na chongo. Mambo mengi huyajua kwa pua na masikio. Ndani ya jicho lile hamkubaki kitu ila maumivu, na wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wapo watakaosema kwamba mbwa hakuulizwa, nasi hatuna haki ya kumtoa kiungo bila ridhaa yake. Hoja hiyo ina uzito. Jicho lingekuwa bado linaona na haliumi, ningekubali kungoja, mradi lichunguzwe mara kwa mara. Lakini kumwacha aumwe nako ni kumwamulia, maana hakuridhia maumivu pia. Asiyeweza kusema hutuachia kazi ngumu ya kutenganisha haja yake na haja yetu.

Kwa hiyo nikisema namwonea mnyama huruma, sharti kwanza nijiulize ni maumivu ya nani ninayotaka yapungue: yake au yangu.