Deni la Mji na Haki ya Kujitawala

Je, mji ulioelemewa na madeni unapoteza haki ya kujitawala? Katika jimbo la Michigan, Marekani, Sheria Namba 4 ya mwaka 2011 ilimpa meneja wa dharura, aliyeteuliwa na serikali ya jimbo, madaraka ya meya na madiwani. Wapiga kura waliifuta Novemba 2012. Mwezi uliofuata bunge la jimbo likapitisha Sheria Namba 436, ikiwa na fungu la fedha ndani yake, na kwa hiyo haikuweza kupigiwa kura ya maoni.

Mameneja hao walitawala Benton Harbor, Pontiac, Flint na, kuanzia Machi 2013, Detroit. Yote ni miji yenye Wamarekani Weusi wengi, iliyoishiwa fedha baada ya viwanda kufungwa, wakazi wenye kipato kuhama na mgawo wa fedha za jimbo kupunguzwa.

Watetezi wa mfumo huo husema mji umeundwa na jimbo, hivyo jimbo laweza kuusimamia. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliamua kwamba katiba ya nchi haimhakikishii raia haki ya kuchagua viongozi wa mji wake. Mwanafalsafa John Stuart Mill naye, katika kitabu chake cha mwaka 1861, alitaka anayeishi kwa msaada wa umma asipige kura, hoja inayoweza kuelekezwa pia kwa mji unaotegemea jimbo. Lakini katika kitabu hichohicho aliziona serikali za mitaa kuwa shule ya uraia.

Yaliyotokea Flint yanaivunja hoja ya watetezi. Aprili 2014, chini ya meneja, mji ulianza kunywa maji ya mto Flint bila dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakamomonyoka kutoka kwenye mabomba. Machi 2015 madiwani walipiga kura ya kurudi kwenye maji ya Detroit; meneja akakataa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halmashauri ikipokonywa madaraka, kura za raia wote wa mji hupoteza nguvu, lakini hasara yao si sawa. Walio wengi katika jimbo bado wana gavana na bunge. Walio wachache huwa na nguvu ya kuamua katika mji wao tu. Jimbo laweza kukagua hesabu na kuweka kikomo cha mikopo. Kuwanyang'anya wachache baraza lao ni kuwanyima sauti pale pekee inapoweza kushinda.