Usiniambie Halijawahi Kufeli

Kuna sentensi tatu utazisikia kwenye yadi yoyote ya magari Nairobi, iwe Ngong Road au Kiambu Road. Moja, gari ni safi. Mbili, lilikuwa la mama fulani, alikuwa analiendesha kwenda kanisani tu. Tatu, halijawahi kuguswa na fundi. Broka huzitoa haraka haraka kama makanga anayeita abiria, nasi tunazimeza kwa sababu tunataka ziwe kweli.

Lakini hebu tulia kidogo na hiyo ya tatu. Gari la miaka saba ambalo fundi hajawahi kuligusa ni gari ambalo hakuna aliyewahi kulishughulikia. Kwa nini basi tunaisikia kama sifa? Nani alitufundisha kwamba kisichowahi kukosea ni bora kuliko kilichokosea kikarekebishwa?

Magari mengi ya mtumba yanayofika Kenya hutoka Japani, mengine Uingereza, kwa sababu huko nako usukani uko kulia. Hapa haliruhusiwi kuingia gari lililozidi miaka minane. Kwa hivyo gari unalolitamani pale yadi limeishi maisha mengine kabla ya kuiona Mombasa, na katika maisha hayo lilikuwa likikaguliwa. Japani, gari jipya la binafsi hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Ukaguzi huo huitwa shaken. Uingereza wana wao, MOT: mara ya kwanza miaka mitatu, halafu kila mwaka. Na matokeo ya MOT tangu 2005 yako wazi kwenye intaneti. Ukiwa na namba ya usajili ya kule, unaweza kuketi ndani ya matatu ya Rongai, kwenye jam, ukasoma maisha ya gari la watu bila kulipa hata bob.

Cha kwanza utakachoona ni maili, kwa sababu kila ukaguzi huyaandika. Tuseme 2019 imeandikwa 74,000, kisha 2020 ikaandikwa 49,000. Ama mkaguzi alikosea kuandika, ama kuna msee alirudisha odometa. Usikimbilie kuhukumu, tazama mwaka unaofuata, utakuambia ni ipi. Cha pili ni pengo: mwaka mzima bila ukaguzi wowote. Huenda gari lilikuwa limeegeshwa tu, mwenyewe yuko safarini. Huenda liligongwa likalala gereji. Pengo lenyewe halisemi; linakupa tu swali la kumuuliza muuzaji.

Cha tatu ndicho ninachokipenda zaidi. Mkaguzi huandika pia maangalizo, yaani vitu ambavyo havijafikia kulifelisha gari lakini vinaelekea huko: tairi inaisha, kutu imeanza chini ya bodi. Ukikuta angalizo lile lile la breki mwaka huu, mwaka ujao na mwaka mwingine, hapo husomi gari tena. Unamsoma mtu. Alikuwa anaambiwa na alikuwa hasikii.

Sasa chukua magari mawili. La kwanza lilifeli kwa sababu ya breki za nyuma, likarudishwa siku mbili baadaye likapita. Liliandikiwa angalizo la tairi, na mwaka uliofuata angalizo halipo. La pili limepita kila mwaka bila neno hata moja. Wengi wetu tutakimbilia la pili. Mimi ningeanza na la kwanza. Kuhusu hilo najua mambo mawili: kuna aliyeangalia kwa makini, na kuna aliyesikia. Kuhusu la pili najua tu kwamba siku tano katika maisha yake hakuna aliyeandika kitu. Huenda kweli ni gari poa. Lakini hapo bado sijapewa sababu ya kuamini, nimepewa ukimya.

Na hata karatasi nzuri ina mpaka wake. MOT haikagui hali ya injini, klachi wala giaboksi, na hivyo ndivyo vitu vitakavyomaliza doo zako. Isitoshe, kupita ukaguzi ni habari ya siku moja. Gari linaweza kupita Jumatatu na kuharibika Ijumaa. Kwa hivyo bado utamhitaji makanika wako alale chini ya gari na tochi.

Halafu kuna hili: historia hiyo huishia bandarini. Kwa miaka mingi hapa kwetu ukaguzi wa kila mwaka umekuwa wa matatu na magari ya biashara. Gari la binafsi linaweza kupita mikononi mwa watu watatu na kinachobaki ni logibuku, ambayo inakwambia nani mwenye gari, haikwambii alilifanya nini. Mengine yote yako kichwani mwa fundi mmoja pale Grogan, na fundi huyo huuzwi naye.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, ila nadhani walikuwa wanawazia soko ambalo mnunuzi anaona anachonunua. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu hili hili soko la magari ya mtumba. Hoja yake ni rahisi. Ikiwa mnunuzi hawezi kutofautisha gari zuri na bovu, atatoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri ataona bei hiyo ni dharau, atalirudisha nyumbani. Mwenye bovu atafurahi sana. Mwishowe sokoni hubaki mabovu. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu walioshirikiana Tuzo ya Nobeli ya uchumi, na hoja hiyo ilichangia. Kwa maneno mengine, muuzaji anayenyamaza haniumizi mimi peke yangu. Anamwibia pia yule muuzaji mkweli wa yadi ya jirani, ambaye sasa hakuna anayemwamini.

Broka atajitetea: sikudanganya, hukuuliza. Kuna kisa kinachojulikana sana Pwani, kutoka katika hadithi za Mtume. Alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji akaeleza kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuweka hiyo iliyolowa juu, watu waione. Angalia vizuri: hakuna aliyemlaumu kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuchagua upande gani ukae juu. Gari kuchakaa ni mvua. Kurudisha odometa ni uongo ulio wazi, lakini kunyamazia giaboksi unayojua inagonga nako ni kugeuza lundo.

Hapa kuna msomaji ananiuliza: na wewe je, ungependa historia yako isomwe hivyo? Swali la haki. Vijana wa Kenya tunakaguliwa kuliko Probox. Omba kazi uone: cheti cha tabia njema kutoka DCI, karatasi ya CRB, ya HELB, ya KRA. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na pengo hilo liko kwenye CV yangu kama mwaka usio na MOT. Je, kila anayenipa kazi ana haki ya kuliuliza?

Nafikiri haki ya kujua hufuata hatari. Breki mbovu si siri ya mwenye gari, kwa sababu itakayemgonga ni mtoto anayevuka barabara, na mtoto huyo hakuwepo mkipatana bei. Dereva wa matatu, daktari, mlinzi wa pesa za chama: hawa historia yao ni yetu kwa kiasi ambacho makosa yao yanaweza kutuangukia. Lakini anayeninunulia makala ana makala mkononi; aisome. Sababu zilizonitoa chuoni hazitamkatikia breki kwenye mteremko.

Na hata pale tunapokuwa na haki ya kusoma, tuna deni la kusoma vizuri. Mtu aliyewahi kuwekwa CRB akalipa akamaliza ni lile gari la kwanza. Tunamfungia mlango kwa sababu aliandikwa, tunampokea mwenzake ambaye hajawahi kukopeshwa hata elfu moja, tukidhani usafi wake umejaribiwa.

Ukienda yadi wikendi hii, usiulize kama gari ni safi. Uliza liliwahi kufeli nini, na nani alilirekebisha. Muuzaji akikujibu bila kusitasita, hata kama jibu lenyewe si tamu, kaa chini mzungumze bei.