Sitara ya Nani?

Katika mabaraza ya historia yanayoandaliwa na jumuiya zetu za visiwani, mazungumzo huwa matamu mpaka lifikiwe suala la utumwa. Hapo wazee hukohoa, kahawa huzungushwa tena, na maneno hurejea kwenye milango ya nakshi. Sababu inayotolewa ni sitara: wajukuu wa watumwa tunaishi nao, tumeoleana nao, kwa nini tuwaaibishe?

Sitara ni jambo tukufu, wala sitaki mtu asimamishwe mbele ya kadamnasi atajiwe asili yake. Nasaba ya mtu ni amana yake; akipenda ataisema mwenyewe. Lakini tazama namna sitara hii inavyogaiwa. Amri ya 1897, iliyoufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Fidia akapewa bwana. Masuria walingojea hadi 1909. Leo jina la aliyelipwa fidia tunalitaja kwa fahari, pamoja na mashamba yake ya mikarafuu, na la aliyeipalilia mikarafuu hiyo tunalisitiri. Aibu tumemvisha nani?

Anayetaka kulifundisha jambo hili barazani, basi, na aanze na nyumba yake. Kama babu yake alipokea fidia, na aseme kuwa alipokea. Huenda akainuka mwingine kule nyuma, kwenye majamvi ya mwisho, akasema bibi yake aliitwa nani.