Sikukuu Isiyochorwa

Sikukuu ni kioo cha jamaa. Siku nyingine watu hutazama kazi zao. Siku hiyo hujitazama wenyewe, wakakumbuka walikotoka na wanachoshukuru. Kwa nguo mpya, chakula kizuri na masimulizi ya wazee, mtoto hujifunza jambo lisilofundishika kwa fimbo, yaani kwamba ana watu wake. Basi hupatwa na nini mtoto ambaye sikukuu yake haionyeshwi katika picha anazozipenda?

Swali hili lilinijia Mkwiro, kijiji cha wavuvi katika Kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni. Niliwaambia wanafunzi wachore sikukuu. Binti mmoja mwenye mkono mwepesi alichora mti wenye taa, paa lililofunikwa theluji, na mzee wa ndevu nyeupe aliyevaa joho jekundu. Binti huyo ni Mwislamu. Theluji hajaiona, na mti ule hauoti kisiwani. Nilipomwuliza kwa nini hakuchora Idi, alijibu kwa adabu, "Mwalimu, sikujua kuwa Idi nayo huchorwa. Katika katuni za televisheni sijaiona." Nami nilikuwa nimekwisha kumpa alama nyingi. Haya ilinishika, maana nilisifu mkono nikasahau moyo.

Silaumu Krismasi. Darasani alikuwamo mvulana Mkristo, mwana wa mtumishi aliyehamia kutoka bara. Aliitazama picha ile akasema kwamba hata kwao Krismasi si hivyo: ni safari ndefu ya kwenda kwa nyanya yake, nyimbo za kanisani, na jua kali la Desemba. Basi picha moja iliwakosea watoto wawili. Mmoja haikumtaja, wa pili ilimtaja kwa sura isiyo yake.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika Marekani, watoto wa Kiyahudi ni wachache kati ya Wakristo wengi. Kila Desemba katuni za Krismasi zilijaa tele, na za sikukuu zao zilikuwa adimu. Mwaka 1995 katuni iitwayo Rugrats ilionyesha Pasaka ya Kiyahudi. Babu mmoja, akiwa amefungiwa darini pamoja na watoto, aliwasimulia jinsi Musa alivyowatoa Wana wa Israili katika utumwa wa Firauni. Kisa ambacho mtoto wa Mkwiro hukisikia madrasani. Mwaka 1996 ikafuata Hanuka, sikukuu ya kuwasha taa kwa siku nane. Lakini baadaye walitokea Wayahudi waliolalamika kwamba babu yule alichorwa kwa sura inayofanana na picha za dhihaka ambazo maadui zao walizitumia zamani kuwadhalilisha. Hapo twajifunza kwamba kuonyeshwa ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kuonyeshwa kwa heshima.

Tena, karibu na Mbale katika Uganda wako Abayudaya, Waafrika walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, wakati wa Semei Kakungulu. Utawala wa Idi Amin uliwakataza ibada zao katika miaka ya 1970, lakini baadhi yao hawakuziacha. Mtoto wao akimtazama babu yule wa katuni, mwenye asili ya Ulaya, ataitambua Pasaka, bali nyumba na sura zitakuwa ngeni kwake. Hakuna picha moja inayowatosha watu wote, hata wakiwa wa dini moja.

Mtu aweza kusema kwamba katuni ni mchezo tu, na mtoto hufundishwa na wazazi wake. Neno hili lina kweli ndani yake. Idi ya Mkwiro haikungoja televisheni ipate kuwapo. Takbiri, kanzu mpya, pilau na mkono wa Idi vilikuwapo kabla yake. Lakini mtoto hupima thamani kwa macho. Akionacho kikipambwa kila siku hukidhani ndicho kikubwa, na cha kwao hukionea haya. Hasara ya pili humfikia jirani, kwa kuwa asiyeijua sikukuu ya mwenziwe ni rahisi kuicheka au kuiogopa.

Nani basi atachora? Kalamu haiko mbali nasi. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi; na tangu mwaka 2014 Ubongo Kids ya Dar es Salaam imewafundisha watoto kwa Kiswahili. Mkono uliochora sungura na tembo hauwezi kushindwa na Idi wala Krismasi ya jua.

Juma lililofuata niliwapa wanafunzi wale wawili karatasi mpya, nikawaagiza kila mmoja achore sikukuu ya mwenzake. Kwa muda hawakugusa penseli. Kisha binti akamgeukia mvulana akamwuliza, "Nyanya yako huwapikia nini?" Naye akauliza jamaa wa Shimoni huvuka saa ngapi kuja Idi. Waliulizana mpaka kengele ikalia, na karatasi zilikuwa bado nyeupe. Sikuwapa alama, lakini somo nililipata mimi.

Msomaji kijana, huenda siku moja kalamu ikawa mkononi mwako. Wachore watu wako, wasije wakasahauliwa. Na ukitaka kumchora jirani yako, mwulize kwanza.