MWENYE SAGARA NI NANI?



Msafiri wa reli ya kati atokaye Kilosa kwenda upande wa Gulwe hupita stesheni ya Munisagara, katika bonde la mto Mkondoa. Wengi hulisoma jina lile dirishani wasiulize maana yake, na sisi wenyewe tulilitaja miaka mingi kabla ya kuuliza. Mwinyi ni mwenye mahali, mkuu wake. Basi Munisagara ni Mwenye Sagara. Si jina la mto wala la mti. Ni jina la cheo.

Twawaomba mfungue Samweli wa Kwanza, mlango wa 8. Wana wa Israeli walikuwa watu wa kabila na mbari, kila mbari na wazee wake, na mwamuzi aliinuka palipokuwa na haja. Ndipo wakamwendea Samweli wakitaka mfalme, wapate kufanana na mataifa mengine. Samweli akawaonya kwamba mfalme huyo atawatwaa wana wao kwa magari yake ya vita, na binti zao kwa jiko lake, na sehemu ya kumi ya mazao yao. Angalieni hapo: jamii ikigeuka aina yake, kazi za watu waliomo hugeuka pia. Kijana aliyekuwa mwana wa baba yake awa askari wa mtu asiyemjua.

Wenye elimu ya jamii nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 1940 Meyer Fortes na E. E. Evans-Pritchard walitoa kitabu juu ya tawala za Afrika, wakazipanga jamii katika mafungu mawili. La kwanza ni la wale wenye mkuu mmoja, pamoja na watumishi wake na askari wake, kama Wazulu na Wanyankole. La pili ni la wale wasio na mkuu wa namna hiyo, ambao amani yao hulindwa na koo zenyewe, kama Walogoli wa Kenya na Wanuer wa Sudani Kusini. (Mtu asidhani ya kuwa wasio na mfalme hawana taratibu, mara nyingi taratibu zao ni kali zaidi, kwa sababu hapana askari wa kuzishika badala yao.) Wasagara wa kale walikuwa karibu na fungu hili la pili. Walikuwako wakuu wa mahali, na baadhi yao walipata nguvu kwa ajili ya misafara iliyopita huku, lakini mfalme mmoja wa nchi yote ya Usagara hakuwako.

Mwishoni mwa mwaka 1884 akaja Carl Peters, Mdachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani, pamoja na wenzake wachache, akikusanya hati za mapatano. Akamkuta Mwenye Sagara, akamwandika kuwa Sultani, bwana wa Usagara. Kwa hati hiyo na nyingine za Unguu, Uzigua na Ukami, Kaisari Wilhelm I alitoa barua yake ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885. Sayyid Barghash wa Unguja alikataa. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, naye akakubali. Waisraeli walimtaka mfalme, wakapewa. Wasagara hawakumtaka, wakaandikiwa. Na mkuu yule, hata kama alitia alama yake kwa moyo mweupe, hakuweza kukitoa kitu ambacho watu wake hawakumpa kukishika.

Mmarekani mmoja, Ralph Linton, alifundisha mwaka 1936 kwamba kila mtu ana mahali pake katika jamii, na kwamba mahali pengine mtu huzaliwa napo, na pengine hupapata kwa bidii. Sisi twaongeza mahali pa tatu, yaani pale mtu anapowekwa na mgeni asiyemfahamu.

Wengine huwekwa juu, wengine huwekwa chini. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita bonde letu, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ndipo mashamba ya Kilosa yakajaa watu wa makabila mengi. Kwao mtu alikuwa mwana wa fulani, mpwa wa fulani, mhunzi au mganga. Kambini aliitwa manamba, yaani mtu wa namba. Hakuulizwa tena ni mjomba wa nani.

Ni rahisi kuwahukumu waliokufa. Basi na tuseme la kwetu.

Mnajua ya kuwa Wasagara, kama Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ndugu wa kiume wa mama ana sauti kubwa katika ndoa yake na katika magomvi yake. Isaka naye alimpeleka Yakobo kwa Labani, ndugu ya mama yake, apate mke huko. Ingawa Labani hakuwa mjomba wa kusifiwa. Hayo tuliyasoma katika seminari, lakini walimu wetu walikuwa watu wahesabuo ukoo kwa baba, nasi tulitoka na hesabu yao.

Binti mmoja wa usharika alichumbiwa. Baba yake akaja kuandikisha ndoa, na mjomba akaja naye, akataka kusema. Tukamwambia mbele ya watu akae nyuma, kwa kuwa shauri hili ni la baba. Mzee yule akachukua fimbo yake akatoka. Jumapili iliyofuata mabenchi ya ukoo wake yalikuwa matupu, na ya pili vivyo hivyo. Binti akatuambia, akilia, ya kwamba hataolewa mjomba wake akiwa hayupo.

Tukavuka mto kumfuata shambani kwake. Alitupa kigoda, akamaliza kwanza mstari wake wa mahindi. Kisha akasema, “Mchungaji, mtoto huyu akikosana na mumewe, atarudi kwa nani? Baba yake ni mtu mwema, lakini ni wa ukoo mwingine. Akirudi, atarudi kwangu. Ninyi mmeniondoa leo. Siku hiyo mtanitafuta wapi?”

Tukamwambia, “Mzee, tumekosa.” Hatukuwa na neno jingine. Akanyamaza kitambo kirefu, akauliza ndoa itatangazwa lini.

Baba wa binti hakufurahi, tusiwafiche. Alisema tumemshusha mbele ya mkwe. Tulikaa naye jioni mbili, mara ya pili mjomba akiwapo, wakagawana wenyewe maneno ya siku ile: nani atampokea bwana arusi, na nani atamkabidhi binti. Sisi tulisikiliza tu. Ndoa itatangazwa kuanzia Jumapili ya pili ya mwezi huu, na majina yote mawili yatasomwa, la baba na la mjomba.