Bomba Lisilomwamini Mtu

Mama alikuwa amelazwa Pasiansi, upande wa barabara iendayo uwanja wa ndege, kanula mkononi kwa siku ya pili. Asubuhi na jioni alipewa seftriaksoni. Kwanza nesi husukuma maji ya chumvi kuona kama mshipa uko wazi, kisha dawa, polepole, kisha maji tena ili dawa isibaki kwenye mrija. Ukifuata utaratibu barabara, ni mabomba matatu kila mara. Kwa siku, sita. Mimi nilinunua manne. Pesa ilikuwepo, niliona tu sita ni mengi kwa mkono mmoja.

Jioni nesi akaokota juu ya kabati bomba la asubuhi, sindano yake imefunikwa.

“Sista, hilo si limeshatumika?”

“Kwa mama yako mwenyewe, kaka. Tena maji tu.”

Nikanyamaza. Maji tu, ndiyo. Lakini damu huweza kurudi kwenye bomba bila macho kuiona, na kwenye kabati la kitanda cha pili lilikuwepo bomba jingine, pacha wa letu. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nani alinunua manne.

Baadaye yeye mwenyewe akanieleza kwamba kliniki ya chanjo wanatumia mabomba yanayojifunga. “Yale hayamwamini mtu,” alisema, kama aliyetukanwa.

Mabomba hayo yana historia. Mwaka 1984 Mwingereza Marc Koska alisoma gazetini kwamba kurudia mabomba kungekuja kueneza virusi vya UKIMWI. Akabuni lake, K1: kwa macho ni bomba la kawaida, ila kijiti cha kusukumia kikifika mwisho hakirudi, na ukilazimisha kinakatika. La kwanza liliuzwa mwaka 2001. Februari 2015 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote zihamie kwenye mabomba ya namna hiyo ifikapo 2020, likikadiria kwamba katika mwaka 2010 pekee sindano zisizo salama ziliambukiza homa ya ini B watu hadi milioni 1.7, na virusi vya UKIMWI watu hadi 33,800.

Mbele ya hesabu hiyo, sioni tusi. Mtoto wa chanjo hawezi kuuliza kama bomba ni jipya. Mama yangu naye alikuwa amelala. Kwa wasioweza kuuliza, heri plastiki ikatae kwa niaba yao, hata nesi mwema akikereka. Wema wake haupungui. Una kazi nyingine.

Na kazi hiyo ipo, hasa kwenye mshipa. Seftriaksoni ni unga: unavuta maji, unayasukuma kichupani, unatikisa, unavuta tena. Kwenye kanula, mara nyingine unavuta kidogo uone damu kabla ya kusukuma. Bomba la chanjo lingejifunga katikati ya kazi. Yapo mengine yanayoruhusu kwenda na kurudi, yakijifunga mwishoni tu, lakini hata shirika lile liliacha mwanya kwa kazi ambazo kufunga kungezivuruga, kama pampu inayosukuma dawa kwa bomba. Tena bomba jembamba, kwa nguvu ile ile ya kidole, hutoa msukumo mkubwa zaidi ndani ya mrija. Ndiyo maana kwa mirija mirefu wauguzi hufundishwa kuusafisha kwa bomba la ml 10. Uamuzi huo haufungwi kwa kufuli. Unabaki kwenye kidole cha mtu.

Basi kidole hicho tunakiamini, kwa sababu hatuna budi. Nilichokuwa sijakifikiria ni mimi nasimama wapi. Nilimwacha sista achague kati ya kulirudia bomba lile na kuuacha mrija wa mama uzibe, kisha nikamtazama kama mkosaji. Hata kama lingekuwa la kujifunga, lingemzuia yeye tu. Mimi, niliyepunguza mawili kule dukani, lisingenigusa.

Kesho yake alfajiri nilirudi duka la dawa.

“Ya ml 10, sita.”

Dada akayahesabu mezani. “Wagonjwa wangapi?”

“Mmoja.”

Akaniangalia kidogo, akaniwekea mfukoni.