Njia ya Mwongo ni Fupi

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Aghalabu maneno haya hutumiwa kumwonya mtu asemaye uongo kwamba hatakwenda mbali kabla ya kugunduliwa. Maana hiyo ni njema, walakini yaacha swali moja bila jibu. Je, mwongo asiyegunduliwa kamwe ametenda ubaya gani? Ikiwa hakuna aliyemwona, wala hakuna aliyepoteza kitu, kosa lake li wapi? Nakuomba, msomaji kijana, tulipime swali hili pamoja, na tulipime mahali ambapo njia si mfano wa maneno tu, bali ni njia hasa ya kukanyagwa kwa miguu.

Kaskazini-magharibi ya Uingereza iko nchi ya maziwa na milima iitwayo Lake District. Milima yake si mirefu kama yetu. Scafell Pike, uipitao mingine yote ya hapo, una kimo cha mita 978, na mji wetu wa Iten umekaa juu zaidi ya mara mbili ya kimo hicho. Lakini ni milima ya majabali na miteremko mikali, na ukungu huweza kuifunika ghafula hata mtu asione hatua ishirini mbele yake. Mwezi wa Juni mwaka 1932, Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Keswick karibu na ziwa Derwentwater, alitoka mjini mwake pamoja na rafiki zake, amevaa viatu vya tenisi. Alikimbia, akatembea, akapanda vilele 42, kisha akarudi alikotoka kabla saa 24 hazijatimia.

Mzunguko huo una urefu wa kilomita 106 hivi. Hupanda Skiddaw na Blencathra, huupita mgongo wa Helvellyn, hushuka katika bonde la Wasdale lenye ziwa la Wastwater, kisha hupanda tena. Ukijumlisha miinuko yote, mkimbiaji hupanda kiasi cha mita 8,200. Ni kama kuupanda Mlima Kenya kutoka ufuoni mwa bahari, na kuongeza zaidi ya nusu ya safari hiyo tena. Miaka 28 ilipita kabla ya mtu wa pili, Alan Heaton, kufaulu mwaka 1960. Tangu hapo waliofaulu wamezidi elfu mbili.

Sasa fikiri hali ya safari hiyo. Haina zawadi ya fedha, wala umati wa kushangilia, wala bendera za kuonyesha njia. Mfikirie mkimbiaji aliye katika kilele cha thelathini, usiku, katika mvua na ukungu. Kilele kifuatacho kiko juu kulia kwake. Kushoto iko njia nyepesi ipitayo chini yake. Akiifuata atapunguza robo saa, na robo saa ndiyo inayompungukia. Nani atajua?

Utasema kwamba shahidi atajua. Ni kweli kwamba chama kilichoundwa mwaka 1971 kuweka orodha ya waliofaulu hutaka kila kilele kiwe na shahidi. Lakini shahidi mwenyewe ni nani? Ni rafiki aliyekubali kusindikiza, naye amelowa na kuchoka vilevile. Ukimwekea shahidi huyo shahidi wa pili, nani atamwangalia wa pili? Hata ukiweka macho mia, mwisho wa macho hayo yote ni moyo wa mtu mmoja ulioamua kusema kweli. Hapo ndipo uaminifu wote husimama, mlimani, sokoni na mahakamani.

Mtetezi wa njia fupi atajibu, “Hakuna kikombe kilichoibwa, wala mshindani aliyedhulumiwa. Basi kosa liko wapi?” Hoja hii ina nguvu, na haifai kudharauliwa. Lakini tazama jambo moja. Shilingi iliyoibwa hununua unga sawasawa na shilingi ya halali. Mwizi wa fedha amepata kitu, ingawa kwa dhambi. Aibaye kilele amepata nini? Kilele hakichukuliki mfukoni. Faida yote ya kukipanda ni kwamba umekipanda. Ukiondoa hilo, hubaki sauti tu, na mwenye sauti hiyo ajua kwamba ni tupu. Kabla ya kumdanganya mtu mwingine yeyote, amejinyima kile kile alichotoka nyumbani kukitafuta.

Usidhani ninasema kwamba kila aachaye njia iliyozoeleka ni mdanganyifu. Mzunguko huu hutaja vilele, lakini kati ya kilele na kilele mkimbiaji ana hiari ya kuchagua pa kupita. Ajuaye mlima huuzunguka mwamba, huvuka kijito palipo pembamba, naye hufika mapema kwa haki, kwa kuwa maarifa si udanganyifu. Watu wawili waweza kuiacha njia mahali pamoja, mmoja akawa mwerevu na mwingine mwongo. Tofauti yao iko katika ahadi. Wa kwanza amefupisha njia lakini ametimiza alichoahidi. Wa pili ameifupisha ahadi yenyewe. Hali kadhalika, mwanafunzi agunduaye njia nyepesi ya kutatua hesabu ni wa kusifiwa, lakini anakiliye jibu la jirani hajatatua kitu.

Wala si kweli kwamba uongo wa mlimani hauwadhuru wengine. Katika mashindano ya milimani huko Uingereza, mkimbiaji aachaye mbio hupaswa kutoa habari kwa wasimamizi. Haruhusiwi kujiendea nyumbani kimya. Akifanya hivyo hesabu ya watu haitatimia, na waokoaji wataingia gizani, penye majabali, kumtafuta mtu aliyelala kitandani pake. Nani atalipa mmoja wao akiteleza na kuvunjika mguu? Mlimani neno la mtu ni kamba wanayoishika wenzake. Azoeaye kuilegeza katika jambo dogo hajui siku ambayo mwenzake ataitegemea kwa uzito wake wote.

Tena aliyepotea aweza kurudi. Katika mbio za marathoni za Olimpiki za mwaka 1904 mjini St. Louis, Marekani, Fred Lorz alishikwa na maumivu, akapanda motokaa kwa sehemu kubwa ya njia, kisha akaingia uwanjani akikimbia. Alishangiliwa kama mshindi, na punde akaumbuliwa. Lakini mwaka 1905 alishinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe. Shangwe ya kwanza ilimletea aibu. Ya pili ilikuwa yake.

Huenda wewe, msomaji, hutaiona Keswick maishani mwako. Lakini mbio za nyika za shule yako zina kona isiyo na mwalimu, na meza yako ya mtihani ina dakika ambayo msimamizi ametazama dirishani. Siku utakapokuwa karani, muuguzi au mhandisi, utapewa kazi ambazo hakuna atakayezikagua. Hapo usijiulize kama kuna anayekuona. Jiulize umeahidi nini, na ni nani aliyeishika kamba yako. Njia ya mwongo ni fupi kwa sababu haifiki popote, hata ikiwa hakuna aliyesimama kando yake kuitazama.